Usiuze sura, uza shuka: kamera inakutaka vile ulivyo dukani

Leo nina neno moja kwa sisi tunaouzia kwenye simu, na najua kuna watakaonuna.

Video zetu nyingi haziuzi kwa sababu mtu anayeonekana kwenye video siye yule anayeuza dukani. Dukani dada anaongea, anacheka, anakunjua mzigo, anavutana bei na mteja mpaka hela inatoka. Akiwasha kamera tu, kawa mtangazaji wa taarifa ya habari. "Habari zenu wapendwa wateja, karibuni katika duka letu mjipatie bidhaa bora kwa bei nafuu." Shingo imekakamaa, macho yanasoma kitu, mikono haijui pa kwenda. Mteja kapitisha kidole, kashaondoka.

Mimi nauza mashuka na mapazia hapa Kalangalala. Wateja wangu wengi wako Katoro, Nyarugusu, Chato, wengine mpaka Kahama. Wanatuma pesa kwa mtu ambaye hawajawahi kumpa mkono. Na ukiongea nao, karibu kila mmoja ana habari ya kutapeliwa: yeye mwenyewe, au shemeji yake, au jirani. Picha ilikuwa nzuri, mzigo ukaja mwingine kabisa, namba ikazimwa. Kwa hiyo wakifungua video yako hawatafuti uzuri wako. Wanajiuliza: huyu mtu yupo kweli? Na hicho alichoshika ndicho nitakachopokea?

Watu wa Geita hilo tunalielewa vizuri. Soko la dhahabu lilipofunguliwa mjini kwetu Machi 2019, faida yake kubwa kwa mchimbaji mdogo ilikuwa kupata sehemu ya wazi ambapo mali inapimwa na bei inajulikana. Hakuna anayenunua dhahabu kwa maneno matamu, lazima mzani uongee. Basi video yako ndiyo mzani wako. Weka mzigo juu yake, mteja aone.

Chukua shuka. Huku kwetu ni nchi ya pamba. Mteja wangu kalima pamba, au kasomeshwa na pesa ya pamba. Ukimwambia "hii pamba tupu" anakusikiliza kwa sikio moja. Sasa chomoa uzi mmoja, uchome kwa kiberiti mbele ya kamera. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka, ikipoa inakuwa kidonge kigumu. Sekunde ishirini tu, hotuba haihitajiki. Na kama shuka lako ni mchanganyiko, sema ni mchanganyiko na bei yake ni hii. Utauza tu, maana wapo wanaotaka la bei hiyo.

Ukifanya hivyo utagundua kitu kingine: umeisahau kamera. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka wenyewe. Unauza viatu? Kunja soli. Unauza masufuria? Yagonge, mlio usikike. Unauza dagaa? Wapepete kwenye ungo, mteja aone kama kuna mchanga. Aibu inatujaa tukisimama mikono mitupu tukingoja kutazamwa.

Najua utaniambia, "Mimi sauti yangu mbaya." Hapana. Ukiongea, unajisikia kwa njia mbili: hewani, na kupitia mifupa ya kichwa chako mwenyewe. Simu inachukua ile ya hewani tu, ndiyo maana ukijisikiliza unaona nyembamba na ngeni. Ngeni kwako wewe peke yako. Mama yako, wateja wako na majirani wote wanaijua hiyo tangu zamani, na wananunua kwako kila siku.

Halafu kuna hili la lafudhi, na hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Dada anayeuza vizuri kabisa hapa Geita, kwenye video anaanza kuvuta maneno kama kazaliwa Masaki. Anaogopa kuchekwa kwamba ni Msukuma. Jamani, mteja wa Nyang'hwale akisikia sauti ya nyumbani anajua huyu mtu ana kwao, duka lake linafikika, mambo yakiharibika atapatikana. Hiyo ni imani ambayo bando haliwezi kukununulia. Wa kucheka watacheka, lakini angalia vizuri: wengi wao hawajawahi kununua hata foronya.

Mwangalie Kili Paul, yule kijana Mmasai wa Pwani ambaye jina lake ni Yusuf Kimesera. Yeye na dada yake Neema walirekodi wakiwa nje, kijijini, na mavazi yao ya Kimasai. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja kwenye kipindi chake cha redio. Simaanishi uanze kuigiza nyimbo za Kihindi. Umaarufu wa Delhi haununui pazia Nyankumbu. Ninachosema ni kwamba hawakungoja studio, wala hawakuficha wanakotoka.

Haya, ya mikono sasa:

1. Futa jicho la kamera. Vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, na video nyingi zina ukungu kwa sababu hiyo tu.

2. Simama ukitazama mlango au dirisha, mwanga ukupige usoni. Ukiupa mlango mgongo unakuwa kivuli.

3. Panga mzigo, uegeshe simu juu yake ifike usawa wa macho. Tazama jicho la kamera, usitazame sura yako kwenye kioo.

4. Rekodi mapema kabla bodaboda hazijachangamka. Mvua ikipiga bati, ahirisha.

5. Usikariri. Shika mambo matatu: ni nini, kinapimwaje, bei gani na kinafikaje.

6. Ukikwama, mweke mtu nyuma ya simu akuulize kama mteja: "Hili futi sita kwa sita? Linachuja? Unatuma Katoro?" Mjibu yeye. Au tuma kwanza sauti WhatsApp kwa mteja aliyeuliza, kisha uyaseme maneno yaleyale kwenye video. Ile sauti ya WhatsApp ndiyo wewe halisi.

Na bei itaje. "Bei njoo inboksi" inamfanya mteja ahisi unampima mfuko kwanza. Mchimbaji aliyetoka duarani na hela yake hataki kubembeleza mtu amwambie bei ya shuka.

Wapo watakaosema, "Mimi siwezi kuonyesha sura." Wengine familia haitaki, wengine dini, wengine usalama. Hizo ni sababu za haki na asikulazimishe mtu. Onyesha mikono na sauti, vinatosha. Ule uzi unaoungua hauhitaji sura ya mtu. Kinachomkimbiza mteja ni picha uliyoiokota mtandaoni na muziki juu yake.

Ila kuonekana kuna mipaka yake. Usirekodi droo ya pesa wala mlango unaofungia stoo. Na mteja aliyeingia dukani usimpandishe mtandaoni bila ruhusa yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria ni adabu tu: kaja kununua pazia, hakuja kutangaza duka lako.

Kwa hiyo wiki hii usinunue taa ya duara, usitafute kozi. Chukua swali moja ambalo wateja wanakuuliza kila siku, shika mzigo, ujibu kwa sauti yako, chini ya dakika moja. Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Ya kwanza itakuwa na kigugumizi, iposti hivyohivyo. Mteja wa Katoro mwenye elfu thelathini mkononi anataka kujua kama upo kweli. Mjibu kabla tapeli hajamjibu.