UBAO MDOGO KICHWANI MWA MWANAO



Ndugu zangu, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nasomesha madrasa moja upande wa Muleba. Alikuwepo kijana wa miaka 11, anahifadhi juzuu Tabaraka. Kila nikimsikiliza anakwama. Siku moja nikamwambia mbele ya wenzake kwamba ana kichwa kizito. Mtoto akalia, na wiki iliyofuata hakuja.

Nilikwenda kwao kumtaka radhi bibi yake. Mezani nikakuta msahafu wa chapa ya Madina, pembeni yake msahafu wa chapa ya Pakistan alioacha marehemu babu. Na siku za shule mtoto anaishi kwa mama yake Bukoba mjini, huko anasoma kwenye simu. Nikamuuliza, mwanangu, unakwama wapi? Akasema: "Ustadhi, mimi naiona aya iko chini kabisa kushoto. Nikifungua naikuta juu."

Wallahi nilinyamaza.

Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza kwamba ile kumbukumbu ya papo hapo, tunayoshikia jambo huku tukilifanyia kazi, si chumba kimoja. Ipo sehemu ya sauti. Ipo sehemu nyingine ya macho, inayoshika kitu kinafananaje na kiko wapi. Na yupo kama msimamizi anayegawa kazi. Hiyo sehemu ya macho mimi naiita ubao mdogo, na ni mdogo kwelikweli. Mwaka 1997 Wamarekani Steven Luck na Edward Vogel waliwaonesha watu miraba ya rangi kwa kufumba na kufumbua, wakakuta mtu mzima anashika karibu minne tu.

Baddeley mwenyewe anasimulia kisa. Alikuwa Marekani, anaendesha gari huku anasikiliza mpira wa Kimarekani redioni. Alipojaribu kuuona uwanja kichwani, nani yuko wapi na mpira unakwenda wapi, gari likaanza kuyumba toka mstari huu wa barabara hadi ule. Akahamia kwenye muziki, gari likatulia. Masikio hayakuwa na tatizo. Uwanja na barabara vilikuwa vinagombea ubao uleule. (Vijana wangu wa bodaboda mnaokwenda Kemondo na Muhutwe huku mnasikiliza mpira masikioni, hapa someni mara mbili.)

Sasa rudini kwa mtoto. Anayehifadhi hashiki maneno peke yake. Anashika pia kwamba aya hii inaanzia katikati ya mstari, ile iko karibu na pembe. Ukurasa ukiwa uleule kila siku, ubao unapeleka picha ileile ghalani, na muraja'a inaikaza. Msahafu wa Madina kwa khati ya Uthman Taha una kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa, na ukurasa unaishia pale aya inapoishia. Ukichukua chapa za India na Pakistan, zipo za mistari 13, zipo za 16, na aya ileile inahama mahali. Kwenye simu, ukiisukuma kwa kidole, maandishi yanapanda tu, ukurasa hauna juu wala chini. Maneno ni yaleyale na ni ya haki, lakini mtoto tumempa picha tatu zinazogombana, kisha tunashika fimbo.

Najua kuna atakayeniandikia: mbona vipofu wanahifadhi? Kweli, na wengi wao wanatuzidi sisi wenye macho. Qur'ani imetufikia kwa vifua, toka kinywa cha mwalimu hadi sikio la mwanafunzi, na hakuna ukurasa utakaochukua nafasi ya hilo. Ninachosema ni kwamba mtoto anayeona hawezi kuyaambia macho yake yasishike.

Kwa hiyo rai yangu kwa walimu wenzangu wa Bukoba na Muleba: kabla hujamwita mtoto mzito, muulize anasomea msahafu gani, na nyumbani anasomea upi. Wazazi, msahafu mmoja uingie kwenye begi na usafiri naye, kwa mama na kwa bibi. Na akiwa anahifadhi, televisheni izimwe. Kupunguza sauti hakutoshi, picha nayo inataka ubao.

Yule kijana alirudi, nikamtaka radhi mbele ya walewale niliomwaibishia. Tukaanza juzuu ileile upya, kwa msahafu mmoja. Mara ya mwisho nilipomsikiliza alikwama tena. Akafumba macho, akanyoosha kidole hewani, akakishusha taratibu hadi chini kushoto, akaendelea kusoma.

Wabillahi tawfiq.