SAYANSI YA JIKONI: Mshumaa na Bilauri



Mwaka 1963 kijana mmoja wa shule ya sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Nafasi katika friza ilikuwa haba, naye akaogopa kuikosa, akayatia maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Wanafunzi wakacheka, Dakta hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakaliandika jambo hilo, na hata leo wataalamu wangali wakibishana juu yake.

Basi baba na mama, msiwacheke watoto wakiuliza. Jioni hii, baada ya chakula, jaribuni nao jambo moja. Simamisheni kipande cha mshumaa katika sahani (si ule uliobarikiwa tarehe 2 Februari, huo uacheni mahali pake). Mimineni maji kidogo sahanini, washeni, kisha funikeni kwa bilauri. Watoto wahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Mwali utafifia, kisha utazimika. Rudieni kwa chupa kubwa yenye mdomo mpana. Ulizeni kwanza, ‘Mara hii tutahesabu hadi ngapi?’ Kila mmoja ataje yake, hata bibi.

Katika chombo kikubwa mshumaa hukawia, maana hewa ni nyingi zaidi. Moto hula sehemu ile ile ya hewa tuivutayo sisi, ikipungua, hufa. Mtaona pia maji yakipanda ndani ya bilauri. Hiyo ni kwa kuwa hewa iliyopata moto hutanuka, na ikipoa hunywea, maji yakasukumwa kuingia.

Sasa sikilizeni vema. Huku Igamba, baridi ya Juni na Julai huwafanya wengi kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango na dirisha. Chumba hicho ni bilauri. Lakini mkaa hauzimiki upesi kama mshumaa: ukipungukiwa na hewa huendelea kuwaka polepole, ukitoa sumu isiyo na rangi wala harufu, hata kama hauoni moshi. Sumu hiyo hushikamana na damu na kuinyima hewa njema. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu huja. Naye aliyelala huenda asiamke kabisa.

Kwa hiyo jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yamebaki machache; kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Mkimkuta mtu amelegea chumbani, fungueni mlango, mtoeni nje upesi, kisha hospitali bila kungoja asubuhi.

Juma lijalo wekeni tayari yai moja na chumvi.