Anayechelewa Asiachwe

Wako watu wanaosema kuwa maskini hana la kuandika. Husema kazi yake ni kusoma yale yaliyoandikwa na wengine. Mimi sikubali. Sababu yangu ni hii.

Katika nchi ya Italia kuna kijiji kidogo kiitwacho Barbiana. Kiko milimani, si mbali na mji wa Florence. Mwaka 1954 padri mmoja, Lorenzo Milani, alipelekwa huko. Aliwakuta wakulima maskini. Hawakuwa na umeme wala barabara nzuri. Watoto wao walikuwa wakishindwa mitihani na kuacha shule. Watoto wa wenye mali waliendelea.

Padri Milani alifungua shule nyumbani kwake. Watoto walisoma kutwa, hata Jumapili. Wakubwa waliwafundisha wadogo. Mmoja asipoelewa, wenzake walimngoja mpaka aelewe. Ukutani paliandikwa maneno mafupi, maana yake: Ninajali.

Mwaka 1967 vijana wanane wa shule hiyo walitoa kitabu. Ni barua kwa mwalimu mwenye tabia ya kuwaangusha watoto wa maskini. Walionyesha kwa hesabu kuwa walioachwa nyuma walikuwa hasa watoto wa wakulima na wafanyakazi. Kitabu hicho kilisomwa sana, kikatafsiriwa katika lugha nyingi.

Je, walikiandikaje? Kila mmoja aliandika mawazo yake katika vipande vya karatasi, wazo moja kipande kimoja. Kisha walivikusanya, wakavipanga, wakaondoa yaliyorudiwa. Walifuta kila neno lisilo na kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Vitabu vingi juu ya elimu ya maskini vimejaa huruma. Huruma si mbaya. Lakini mara nyingi maskini huonyeshwa amenyosha mkono, anapewa daftari na kalamu, anasema asante. Yeye mwenyewe hatusikii anafikiri nini. Kitabu cha Barbiana hakiombi. Kinadai haki. Kwa maoni yangu, kitabu chenye utu ni kile kinachompa maskini nafasi ya kusema, si kile kinachomlilia tu.

Wengine watasema: tukimngoja anayechelewa, walio hodari watapoteza wakati. Hapana. Anayemweleza mwenzake somo hulielewa zaidi yeye mwenyewe. Tena fikirini juu ya mama anayechelewa darasani kwa sababu ya kuteka maji mbali. Tukimcheka, kesho haji. Asipokuja, ataendelea kusomewa barua zake na watu wengine. Siri zake zitakuwa mikononi mwao. Atatia dole gumba katika karatasi asiyojua inasema nini. Hiyo si hasara ndogo.

Ndugu wasomaji, ninyi sasa mnajua kusoma na kuandika. Fanyeni kama vijana wa Barbiana. Siku moja kila mtu darasani aandike sentensi moja juu ya jambo linalowazuia watu wa kijiji chenu kusoma. Zikusanyeni. Zipangeni pamoja. Someni kwa sauti, kisha pelekeni barua yenu kwa kamati ya shule.

Na kabla hamjaanza kuandika, tazameni nani hayupo darasani. Mfuateni nyumbani kwake. Sentensi yake inahitajika pia.