Waraka kwa wanachama: Tuwadai waheshimiwa wetu sheria ya kufuta adhabu ya kifo

Kwa wanachama wote wa kamati zetu za Butembo, Beni, Oicha, Mangina, Kasindi na Lubero.



Nawaandikia juu ya jambo ambalo tumelikwepa hata katika mikutano yetu wenyewe. Tarehe 13 Machi 2024, Waziri wa Sheria wa wakati ule, Mama Rose Mutombo, alitia sahihi waraka unaoruhusu hukumu za kifo zianze tena kutekelezwa nchini Kongo. Tangu mwaka 2003 majaji walikuwa wakizitamka hukumu hizo, lakini hazikutekelezwa. Waliohukumiwa walibaki gerezani. Sababu zilizotajwa ni usaliti ndani ya jeshi, vita vya huku kwetu mashariki, na ujambazi wa mijini. Yaani adhabu hii imefufuliwa kwa jina letu sisi tunaouawa. Tukinyamaza, kimya chetu kitasomwa kuwa tumekubali.

Najua ugumu wa kulisema hili mahali kama kwetu. Tangu Oktoba 2014 tunazika watu waliokatwa mapanga shambani, njiani na vitandani mwao. Nani wa Beni asiyekumbuka mauaji ya Rwangoma, Agosti 2016? Katika mkutano wetu mmoja mama fulani alisimama, kitambaa cha matanga bado kichwani, akaniuliza mbele ya wote: «Wale waliomchinja mtoto wangu, wewe unataka waendelee kula na kulala?» Hakuna aliyethubutu kukohoa. Mama yule anastahili jibu, na waraka huu ni jibu langu kwake.

Mama, tazama ni nani hasa wanaohukumiwa kufa.

Tarehe 3 Julai 2024, siku chache baada ya mji wa Kanyabayonga kuanguka mikononi mwa waasi wa M23, mahakama ya kijeshi ya Butembo iliwahukumu kifo askari 25 kwa siku moja tu. Walishtakiwa kwa kumkimbia adui na kwa kuiba mali madukani. Mwenzao mmoja alipewa miaka kumi. Wake wanne wa askari, waliofikishwa mbele ya mahakama pamoja nao, waliachiliwa kwa kukosekana ushahidi. Siku moja, wanachama wenzangu! Kesi ya mpaka wa shamba la kakao hukaa kwa chefu wiki nzima, wazee wakienda na kurudi. Je, ndani ya siku ile moja kulikuwa na nafasi ya kuuliza kila askari alikuwa na risasi ngapi, alikula lini mara ya mwisho, kamanda wake alikuwa wapi, na nani alitangulia kuondoka? Simtetei askari anayempora mwenye duka wa Lubero. Mali ya mwenye duka irudishwe na mwizi afungwe. Lakini maswali yale ndiyo yangetuambia kwa nini Kanyabayonga ilianguka, na mtu akishapigwa risasi hawezi tena kuyajibu.

Kuna kesi nyingine ambayo Beni haijaisahau. Kanali Mamadou Ndala aliuawa tarehe 2 Januari 2014 karibu na mji. Tulimlilia kama mtoto wetu. Novemba mwaka ule mahakama ya kijeshi ya operesheni ilimhukumu kifo afisa mmoja wa jeshi kwa mauaji hayo, na mahakama ya namna hiyo haina rufaa, ingawa Katiba yetu, kifungu cha 21, inampa kila mtu haki ya kukata rufaa. Mpaka leo mtu wa Beni ukimuuliza kama anajua ni nani walioupanga mpango ule kuanzia juu hadi chini, atatikisa kichwa. Wanaojua siri za damu ya watu wetu, wawe msituni au ofisini, tunawahitaji wakiwa hai na mbele ya jaji. Atakayewahi kumnyamazisha shahidi kwa risasi halali ya serikali atakuwa amemsaidia aliyemtuma.

Mtasikia pia hoja ya magereza, nayo si hoja ya kupuuza. Juni 2017 watu zaidi ya 900 walitoroka gereza la Kangbayi pale Beni. Oktoba 2020 gereza lilelile lilishambuliwa tena, wakatoka zaidi ya 1,300. Agosti 2022 ikawa zamu ya gereza la Kakwangura hapa Butembo. Watu wanasema: kama gereza haliwezi kuwashika, basi wauawe. Mimi nasema gereza lisiloweza kumshika mtu lijengwe upya na lilindwe. Tangu lini udhaifu wa ukuta ukawa sababu ya kumuua aliyefungwa ndani yake? Na tukumbuke kwamba utawala wa kijeshi ulipotangazwa huku kwetu kuanzia tarehe 6 Mei 2021, kesi za jinai za raia zilipelekwa mbele ya majaji wa kijeshi. Kijana wetu wa bodaboda akikamatwa usiku mahali pabaya, huenda atakayemhukumu amevaa sare.

Halafu kuna jambo linaloniuma kuliko yote. Baada ya jaribio la mapinduzi la Mei 2024 kule Kinshasa, watu 37 walihukumiwa kifo. Watatu kati yao walikuwa raia wa Marekani. Aprili 2025 Rais aliwapunguzia adhabu ikawa kifungo cha maisha, kisha wakarudishwa kwao. Nafurahi kwamba wako hai. Lakini askari aliyehukumiwa na mahakama ya Butembo, mwana wa mkulima, ana nchi gani ya kumpigia simu Rais? Adhabu hii huishia shingoni mwa asiye na wa kumsemea.

Majirani zetu kadhaa wamekwisha kuamua. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007. Burundi iliifuta mwaka 2009, Kongo-Brazzaville 2015, Afrika ya Kati na Zambia 2022. Nchi hizo hazikuwa na misiba midogo. Katiba yetu ya 2006 inasema, kifungu cha 16, kwamba binadamu ni mtakatifu, na kifungu cha 61 kinakataza haki ya uhai iguswe hata wakati wa hali ya dharura. Kilichobaki ni sheria. Novemba 2010 pendekezo la kufuta adhabu hii lilifika Bunge la Taifa, nalo likakataliwa. Wabunge waliokuwa wakitoka kwetu walipiga kura gani siku ile? Hatukuwauliza. Safari hii tuwaulize.

Basi tufanye hivi. Kifungu cha 130 kinampa kila mbunge na kila seneta haki ya kuleta pendekezo la sheria. Hawahitaji kusubiri serikali. Vikao vya kawaida huanza tarehe 15 Machi na tarehe 15 Septemba, na katikati waheshimiwa hurudi nyumbani kutusikiliza, kisha huandika ripoti ya likizo yao. Kila kamati imfuate mheshimiwa wake akiwa bado huku. Msiende na makelele, nendeni na barua yenye sahihi za wanachama, na muwape nafasi ya kwanza ya kusema wale waliofiwa, pamoja na wale wasiokubaliana nasi. Muombeni mambo matatu: pendekezo la kufuta adhabu ya kifo lirudishwe bungeni, kesi za raia zirudi kwa majaji wa kiraia, na ombi letu liandikwe katika ripoti yake. Akikataa, aandike sababu zake na kutia sahihi.

Nakala za barua zote zifike kwa katibu wa kamati yenu kabla ya kikao cha tarehe 15 Machi kufunguliwa. Mama aliyeniuliza swali lile amekubali kuwa wa kwanza kuzungumza katika msafara wa Beni. Bado hajasema kama ananiunga mkono. Anataka kumuuliza mheshimiwa mwenyewe, na sisi twende naye.