Mwenye hati anaishi mbali, mwenyeji anaitwa mwizi

Sisi vijana wa Kolwezi tunauliza: mutu anayeishi Uswisi, ao Beijing, ao hata Lubumbashi tu hapa, ana haki gani juu ya udongo wa Lualaba ambao hautumii?

Zamani muwindaji aliyetoka mbali hakuingia porini ovyo. Alipita kwanza kwa shefu wa udongo, na akiua nyama alimuletea sehemu yake. Mugeni alikuwa na haki, lakini haki ile ilimufunga kwa watu wa mahali. Leo hati inatoka Kinshasa, kwa Cadastre Minier, na mwenyeji anapata habari siku askari wanafika.

Tusome sheria yenyewe. Kode ya mine ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema karte ya muchimbaji wa mikono ni ya Mukongomani peke. Vizuri! Lakini Kode ile ile inakataza kufungua eneo la wachimbaji wa mikono mahali ambapo hati ya mwingine ingali hai. Sasa zunguka Kolwezi yote, utapata wapi kilima chenye shaba ao kobalti kisichokuwa na mwenyewe? Njo kusema tumepewa ruhusa ya kuvua samaki wakati muto umekwisha kuuzwa.

Tarehe 27 Juni 2019, ndugu zetu zaidi ya 30 walifunikwa na udongo katika mgodi wa KOV, wa kampuni KCC inayotawaliwa na Glencore. Waliingia bila ruhusa, ni kweli. Ule ni mgodi unaofanya kazi na hatuombi mutu aruhusiwe kuchimba pale. Tunasema tu: mutu mwenye mahali pengine pa kuchimba haendi kulala chini ya ukuta kama ule.

Wanatujibu eti, lakini redevance inawafikia, 25% kwa provensi na 15% kwa komine na sekta. Eh, redevance inalipwa juu ya madini yanayotoka kwenda kuuzwa! Hati inayolala kwenye kabati haiuzi kitu, kwa hiyo redevance yake ni zero.

Kode inamulazimisha mwenye hati kuanza kazi kwa muda uliowekwa. Basi Waziri wa Mine aitumie. Majina ya hati zote zinazolala Lualaba yabandikwe kwenye kila komine na kila sheferi, kwa Kiswahili, siyo kwa Kifaransa cha avokati. Asiyefanya kazi anyanganywe, na udongo ule ufunguliwe kwa makoperative ya wachimbaji mbele ya kupewa kampuni ingine. Guverneri naye aseme wazi yuko upande gani. Na mwenye hati anayetaka kulinda yake afike hapa yeye mwenyewe, aache kututumia askari.