TAHARIRI: Kodi za fremu Tanga zina wenyewe

Katika barabara za namba za Ngamiani, fremu iliyokuwa ya fundi cherehani sasa ina mlango wa kioo na bango la uwakala wa fedha. Palipokuwa na kijiwe cha kahawa na kashata panakaangwa chipsi kuku. Hatuna ugomvi na chipsi wala kioo. Mji uliowahi kulishwa na mkonge, kisha viwanda vikafungwa, hauwezi kuikataa biashara mpya. Tunachokataa ni mabadiliko yanayoendeshwa kwa vitisho vya mdomo.

Fedha inarudi Tanga. Kina cha bandari kimeongezwa hadi mita 13 katika mradi uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 400, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani. Wenye nyumba wameshaipigia hesabu neema hiyo kabla mpangaji hajaionja. Anaambiwa kodi imepanda, alipe miezi sita au mwaka kwa mkupuo, la sivyo akabidhi funguo. Anayeingia anadaiwa kilemba, na dalali naye anataka chake. Mama lishe anayemuuzia kuli wali, maharage na kipande cha samaki hawezi kuupakua mzigo huo kwenye sahani. Akiupakua, kuli atakula mihogo au atashinda na njaa.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo ngao kubwa ya mpangaji ni mkataba wake. Mwenye nyumba anayekataa kuuandika, au kutoa stakabadhi, anajua anachokikwepa. Wapo pia wanaomtwisha mpangaji kodi ya zuio ya asilimia 10. Mpangaji anapaswa kuikata katika pango na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA), lakini deni ni la mwenye nyumba. Kumtoza juu ya pango ni kumbebesha deni lisilo lake.

Halmashauri ya Jiji haiwezi kujificha nyuma ya soko huria. Inatoa leseni, inakusanya ushuru na inapanga matumizi ya ardhi. Ihakikishe vizimba vya masoko yake, la Mgandini likiwamo, vinakaliwa na wanaofanya biashara, si walanguzi wanaovipangisha tena kwa bei maradufu. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iwafikie mama lishe na wakaanga samaki kwa wakati. Shirika la Nyumba la Taifa, lililorithi majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971, lina wajibu mkubwa zaidi wa kuonyesha mfano wa mkataba wa haki, kwa kuwa mali yake ni ya umma.

Wafanyabiashara nao wasijifanye watakatifu. Kodi kubwa haihalalishi mafuta yaliyokaangiwa siku tatu, maji machafu yanayomwagwa mtaroni, wala meza inayoziba njia ya waenda kwa miguu. Anayedai haki ya kubaki mtaani autunze mtaa.

Tunataka Baraza la Madiwani lilijadili jambo hili katika kikao chake kijacho, litoe mkataba wa mfano kwa Kiswahili chepesi, na lichapishe orodha ya wanaomiliki vizimba vya umma. Diwani asiyeweza kulisimamia hilo awaeleze wapiga kura wake anasimamia nini.