Akiba isiyojaribiwa huoza

Kata ya Mbangala iko mbali na bahari, na mbali zaidi na visiwa vyetu. Zamani ilikuwa chini ya Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016, shughuli zake zikaelekezwa Mkwajuni na Vwawa. Ofisi zikihama namna hiyo, mafaili ya karatasi hufungwa kamba na kupakiwa garini. Likipotea moja, mwenye nalo hujua nani wa kumwuliza. Siku hizi kumbukumbu nyingi zimo ndani ya kompyuta. Mama wa Mbangala anayetafuta cheti cha mwanawe, na mama wa Makunduchi au Wete mwenye haja hiyo hiyo, huenda wasijue seva ni kitu gani, lakini haki zao zimehifadhiwa humo.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa programu ya kutunza na kurejesha nakala rudufu katika wizara, mabenki na mashirika makubwa hauwezi kuachiwa mafundi na wauzaji peke yao. Ni jambo la uongozi.

Wahenga walituachia neno kwamba akiba haiozi. Kwa nafaka iliyokaushwa vyema neno hilo ni kweli. Kwa akiba ya kompyuta si kweli hata kidogo. Nakala huweza kuandikwa kila usiku kwa miaka mitano, taarifa ikionyesha kwamba kazi imekamilika, na siku ya msiba ikaonekana kuwa haifunguki. Muuzaji husifu wepesi wa programu yake katika kuhifadhi. Sisi tunasema swali la kwanza liwe jingine: je, inarejesha? Kwa muda gani, na kwa mikono ya nani?

Tutazame yaliyowafika wenzetu. Tarehe 26 Septemba 2025 moto wa betri uliunguza kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea ya Kusini. Mifumo 709 ilisimama. Hifadhi ya pamoja ya watumishi wa serikali, yenye terabaiti 858, iliteketea bila nakala mahali pengine, na sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Nchi hiyo ina ufundi na fedha kutuzidi. Kilichokosekana ni uamuzi.

Mwaka 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilishambuliwa na programu haribifu iitwayo NotPetya. Kompyuta zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zilifutika zote kwa pamoja. Ilisalimika moja tu, nchini Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika hapo. Njia ya mawasiliano ilikuwa nyembamba mno kuipeleka data hiyo Uingereza, hivyo ikabidi ibebwe mkononi kwa ndege kupitia Nigeria. Hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 250 hadi 300. Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na kukatika kwa umeme, wala si kwa mpango wake.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa ubaya wa kutegemea njia moja. Unguja ilikosa umeme wa gridi kwa takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa sababu ya hitilafu katika njia ya umeme kutoka Bara. Waya mpya wa baharini ulianza kazi mwaka 2013. Mei 2024 nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilidorora Tanzania na katika nchi jirani. Nakala iliyowekwa ng'ambo tu, siku kama hiyo, ni kama maji yaliyo ng'ambo ya mto uliofurika.

Hata njia ikiwa nzima, hesabu ifanywe. Shirika lenye terabaiti 10, likitumia njia ya megabiti 100 kwa sekunde isiyofanya kazi nyingine yoyote, litahitaji zaidi ya siku 9 kuzirejesha kutoka mbali. Je, forodha ya Tunduma inaweza kungoja siku 9 huku malori yakipanga foleni? Je, hospitali inaweza?

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, kila taasisi iandike kabla ya zabuni inaweza kukaa saa ngapi bila mfumo, na inaweza kuvumilia kupoteza kazi ya saa ngapi. Bei ipimwe kwa kigezo hicho. Pili, ziwepo nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na walau 1 iwe mbali. Tena mojawapo isiunganishwe na mtandao, au isiweze kufutwa hata na msimamizi mwenyewe. Tatu, mkataba uhakikishe kwamba tutaweza kusoma data zetu hata tukiachana na muuzaji, na vijana wetu wafundishwe kuirejesha bila kumngoja mgeni. Nne, muuzaji asilipwe kwa maonyesho ya ukumbini. Arejeshe data yetu, kwa mitambo yetu na kwa umeme wetu, mbele ya mashahidi.

Baada ya ununuzi, zoezi hilo lirudiwe walau mara mbili kwa mwaka, na matokeo yake yafike mezani kwa mkuu wa taasisi. Tunatoa wito kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao ya Bara na ile ya Zanzibar zilisimamie jambo hili kwa pamoja, na ikiwezekana kila upande uwe ghala la akiba la mwenzake.

Gharama ya mazoezi hayo ipo, nasi hatuifichi. Lakini kiongozi anayeikwepa ajiulize atamjibu nini mama wa Mbangala siku atakapoambiwa kwamba jina la mwanawe halionekani tena popote.